Turubai la Roelof Nijkrake

Ukiuliza hapa Kampen nani fundi wa kuaminika wa maturubai ya baraza, utaambiwa Jorien Hofsteenge, mke wa Hilbert. Ukiuliza nani mwenye kinyongo kuliko watu wote wa mji huu, utaambiwa jina hilo hilo. Mimi nakaa nao mtaa mmoja. Ua wangu unapakana na ua wa Roelof Nijkrake, na siku jambo lile lilipotokea nilikuwa pale pale, nina kipande cha keki mkononi. Kwa hiyo nisikilize mimi, uwaache wale wanaosimulia walichosikia sokoni.

Zamani Hilbert ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa Roelof. Roelof alikuwa na kampuni ya maturubai, magari mawili meupe na sauti kubwa. Hilbert alikuwa mtu wa maneno machache, mtu wa kanisa, asiyegusa pombe hata kwenye harusi. Kazi yao unaijua: lile turubai la mistari linalojiviringisha kwenye bomba lake juu ya mlango wa nyuma. Jua likitoka, mikono miwili ya chuma inanyooka na kulisukuma mbele, unakaa kivulini na kahawa yako. Jua likiondoka, unalirudisha. Wengi hatukujua kwamba ndani ya mikono ile mna springi zilizobanwa, na kwamba turubai likiwa limekunjwa ndipo zimebanwa zaidi. Ndiyo sababu fundi hafungui bolti hata moja ukutani kabla hajafunga kila mkono kwa mkanda imara. Mkono ukifyatuka bila mkanda, unapiga kama teke la farasi.

Siku moja walikwenda kushusha turubai la zamani kwenye mgahawa mmoja kando ya mto. Hilbert alitafuta mikanda garini, hakuiona. Akamwuliza Roelof. Roelof akamwambia lile ni turubai la enzi za babu, springi zake zimeshakufa, afungue tu, wateja wa mchana wanakaribia kufika. Hilbert akapanda ngazi. Alipolegeza bolti ya pili, mkono wa kushoto ukafyatuka, ukamvunja taya na kumtoa jicho.

Alilala hospitali taya limefungwa kwa nyaya, hawezi kusema neno. Wakati huo huo Roelof akaitwa na wakaguzi wa usalama kazini, na yeye taya lake lilikuwa zima. Akawaambia mikanda ilikuwepo, alimpa Hilbert kwa mkono wake mwenyewe, Hilbert akaikataa akisema fundi wa miaka mingi hahitaji mambo ya wanafunzi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kumsema mwenzake, akaongeza kwamba asubuhi ile alisikia harufu ya pombe kali mdomoni mwa Hilbert.

Hilo la pombe ndilo lililoua. Jicho watu walilisikitikia wiki mbili. Pombe waliiamini miaka. Hilbert alipopona na kuweza kusema, alisema ukweli, lakini ukweli uliochelewa huwa unaonekana kama kisingizio. Kanisani walimwondoa taratibu katika kupitisha mfuko wa sadaka. Kwenye sherehe za kuzaliwa, akisogeza mkono kuchukua glasi ya juisi, macho ya watu yaliufuata mkono. Yeye akawa haendi tena popote. Alilima maharage nyuma ya nyumba, akanyamaza.

Jorien hakunyamaza. Wakati huo alikuwa anauza mikate, mwanamke mfupi, mpole, anayekusanya chenji yako na kukutakia siku njema. Siku aliyosikia habari ya pombe, alikuja kwangu kurudisha bakuli. Akakaa jikoni, akaongea kama mtu anayenisomea bei ya mikate. "Jirani, yule mtu nitamnyang'anya kila kitu. Sitamgusa hata unywele. Lakini nitamnyang'anya."

Nilidhani ni hasira ya mfiwa, ingawa hakufiwa. Hasira ya namna hiyo hupoa. Ya kwake haikupoa, ilikwenda shule.

Aliacha mikate. Hilbert, ambaye hakuwa tena na jicho la kupimia wala moyo wa kupanda ngazi, alimfundisha akiwa chini. Walifunga turubai kuukuu kwenye ukuta wa banda lao, na jioni za kiangazi tulimwona Jorien akipanda na kushuka, akifunga na kufungua, na Hilbert amekaa kwenye kiti akisema, "Rudia." Mkanda wa kulia, mkanda wa kushoto, vuta uone, ndipo ushike bolti. "Rudia." Nadhani hata Hilbert alifurahi kidogo. Hakujua, au alijifanya hajui, mkewe anasoma kwa ajili ya nini.

Alipofungua biashara yake kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, Roelof alicheka mpaka akakohoa. Alisema mbele ya watu dukani kwamba mke wa Hilbert akipanda ngazi, basi na bibi yake afungue karakana ya meli. Maneno hayo yalimfikia Jorien siku hiyo hiyo, na aliyempelekea aliniambia kwamba alishukuru, akamwomba ayarudie polepole.

Sasa nieleze alivyomla Roelof, maana alimla kama panya anavyokula gunia, kutoka chini. Nyumba zetu hizi zina kuta mbili. Ule wa nje wa matofali mekundu ni wa uso tu. Mzigo unabebwa na ule wa ndani, na kati yao kuna uwazi. Turubai kubwa likishikiliwa na tofali la uso peke yake, siku upepo wa ziwani unapolijaza kama tanga, linang'oka na matofali yake. Mafundi wa Roelof walijua hayo, lakini bolti fupi na tundu fupi ni kazi ya asubuhi, na bolti ndefu inayofika ukuta wa ndani ni kazi ya siku nzima. Roelof alitaka asubuhi mbili kwa siku.

Jorien akaanza kupita mitaani kwa baiskeli, macho juu. Akiona turubai la Roelof limeinama upande mmoja, au ufa umeanza kwenye tofali chini ya kishikizo, anabisha hodi. Hakumsema Roelof vibaya hata siku moja. Alimwonyesha mwenye nyumba ule ufa, akamwacha atazame. Kisha anasema tu, "Ningekuwa wewe nisingekaa chini yake." Basi. Anaaga. Wiki haiishi anaitwa.

Akiitwa, alifanya kazi mpaka inachosha kumtazama. Alitoboa hadi ukuta wa ndani, akajaza gundi ya ukutani kwenye tundu, akasubiri ikauke kabisa huku mwenye nyumba akiuliza kama atamaliza leo. Aliliwekea turubai mwinamo wa kutosha ili mvua iteremke, isijikusanye katikati na kuwa tumbo la maji. Akiisha kufunga, hakuondoka kabla hajamkalisha mteja na kumfundisha. Lisikunjwe bichi, likilazimika kukunjwa na mvua, kesho yake likunjuliwe likauke, la sivyo litaota ukungu. Lisuguliwe kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, umeme ukiwa umezimwa. Viwiko vya mikono visipakwe mafuta ya kupikia wala grisi, hunasa vumbi. Mtoto asining'inie kwenye bomba la mbele. Jiko la mkaa lisiwashwe chini yake. Na upepo ukianza, lirudi ndani, kahawa iishe isiishe.

Wateja walipenda. Mmoja alimwambia mwenzake. Kituo cha wazee kikamwacha Roelof, migahawa ya kando ya mto ikamwacha, mmoja baada ya mwingine, na Jorien kila alipopata mmoja alirudi nyumbani kwa njia ndefu, apite mbele ya duka la Roelof akiendesha baiskeli taratibu. Mafundi wawili wa Roelof walipokuja kwake kuomba kazi, aliwapokea. Siku ya kwanza aliwapa kila mmoja mikanda yake mipya, akawaambia atakayepanda bila hiyo asirudi hata kuchukua koti lake.

Mwishowe Roelof akafunga. Siku aliyoshusha bango lake, Jorien aliegesha gari lake ng'ambo ya barabara, akanunua viazi vya kukaanga na mayonezi, akakaa garini mlango wazi akila kiazi kimoja kimoja. Hakula upesi. Bango lilipofika chini na Roelof kugeuka, alikiona kiazi cha mwisho kikiingia mdomoni.

Nikamwambia, sasa basi, Jorien, umeshinda. Akanitazama kana kwamba nimesema lugha nyingine. "Duka? Duka si neno. Mji huu bado unaamini mume wangu alikuwa amelewa."

Roelof alizeeka nyumbani kwake, karibu na sisi, na hakuwa na shida; alikuwa amejiwekea akiba. Juu ya mlango wa kioo wa baraza yake kulikuwa na turubai pana kuliko yote mtaani, alilolifunga mwenyewe zamani. Kwa bolti gani? Zile zile. Mtu aliyewauzia wenzake uzembe maisha yake yote huishia kuununua. Tena alikuwa na tabia ya kulikunja bichi, hata likawa na madoa meusi kama ngozi ya ndizi iliyoiva mno. Kipima upepo, kile kidude kinachorudisha turubai chenyewe upepo ukizidi, alikizima kwa sababu kilimharibia mapumziko. Jorien aliyaona yote hayo kutoka dirisha lake la juu. Aliuona na ufa. Aliuona mwanzo ukiwa kama unywele, akauona ukikua.

Hapo ndipo watu hugombana mpaka leo. Kuna wanaosema angemwonya. Mimi nasema alimwonya kila mtu Kampen, ila mmoja.

Roelof alipotimiza miaka sabini, alialika mtaa mzima, isipokuwa nyumba moja. Viti viliwekwa kwa duara chini ya turubai kama kawaida yetu, keki, kahawa, halafu jibini na haradali, halafu vinywaji. Aleida, mke wa Roelof, mwanamke mrefu mwenye wasiwasi, alimwambia mara mbili kwamba matawi ya mti wangu wa peasi yameanza kuyumba, alikunje. Roelof akamwambia amefunga maturubai kabla hajamwoa. Tukacheka. Upepo ukaja wa pili, turubai likavimba juu yetu na kupiga kama shuka kwenye kamba, na vumbi jekundu la tofali likaanguka kwenye kahawa ya Bi Dina Westerink, bibi wa tisini kasoro, ambaye alilitazama na kusema, "Hii sasa ni mdalasini?"

Tulianza kuinuka. Kumbe Roelof naye ameinuka, lakini badala ya kutoka alikwenda ukutani kubonyeza swichi. Wakati turubai linarudi, upepo wa tatu ukaja. Upande wa kulia ukang'oka ukutani na matofali yake, ukashuka kwa mshindo, bomba zima likaegemea mgongo wa benchi la mbao. Sisi tulikuwa tumekimbilia kwenye majani mwisho wa ua. Roelof hakuwahi. Alikuwa amebanwa wima kati ya mlango wa kioo na mkono wa turubai. Mkono ulikuwa umekunjwa nusu, kiwiko chake kimeelekea kifuani mwake, na kila upepo ulipovuta kitambaa, chuma kililia.

Alijua mwenyewe ni nini kile. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejua. "Msiniguse," alisema. "Mtu yeyote asiguse kitu."

Tuliwapigia zimamoto. Wakasema wanakuja, lakini daraja limeinuliwa kupitisha mashua, tusubiri. Benchi lile likawa linatoa sauti ya mti unaofikiria kukatika. Aleida alisimama dakika nzima mkono mdomoni. Kisha akakimbilia ua wa Jorien.

Jorien alikuja haraka, hilo nalisema mbele ya yeyote. Alikuja na mikanda begani na mbao mbili, na Hilbert nyuma yake amebeba ngazi. Hakumtazama Roelof usoni. Alimwambia Aleida aende kuzima umeme wa nyumba nzima, mtu asije akagusa rimoti. Akatusogeza sote kutoka upande ambao mkono ungefyatukia. Akaniita mimi na jirani mwingine tuegemeze zile mbao mbili chini ya bomba, kwa nyuma, taratibu, akatuonyesha pa kusimama. Benchi likaacha kulia. Kisha akaweka ngazi, akapanda, akapitisha mkanda kuzunguka mkono wa chuma, akashika ncha zake mbili.

Hakuufunga.

Alikaa hivyo, ncha moja mkono huu, ncha nyingine mkono ule, uso wake sasa uko karibu na uso wa Roelof. Upepo ulikuwa umetulia kidogo, ndiyo maana sote tulisikia.

"Waambie watu mikanda ilikuwa wapi siku ile."

Roelof alisema, "Jorien, funga kwanza. Nakuomba, mama."

"Mikanda ilikuwa wapi?"

"Huu mkono utaniua."

"Utakuuaje, Bwana Nijkrake? Turubai lenyewe la zamani. Springi zake si zimeshakufa?"

Nilimwona Hilbert, chini ya ngazi, akiinua kichwa. Maneno yale alikuwa amemwambia mkewe, na wakaguzi, na hakuna mwingine aliyeyaamini. Akamwita, "Jorien." Akamwita tena, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, akamwambia afunge. Jorien alisema bila kugeuka, "Nitafunga. Namsubiri huyu."

Na kweli alisubiri. Kitambaa kilijaa upepo, kiwiko cha chuma kikasogea kidole kimoja kuelekea kifua cha Roelof, na suruali ya Roelof ikalowa. Jorien aliiona. Najua aliiona kwa sababu alitabasamu, na si tabasamu ninalotaka kuliona tena.

Ndipo Roelof akasema. Alisema mikanda haikuwepo. Alisema asubuhi ile alinunua kabati la Aleida kijiji cha jirani, akalifunga juu ya paa la gari lake kwa mikanda ya kazi, akaisahau nyumbani. Alisema Hilbert aliiulizia mikanda na yeye ndiye aliyemwambia apande.

"Na pombe?"

Akafumba macho. "Hakunywa."

"Bi Dina hasikii vizuri. Paza sauti."

"Hilbert hakuwa amekunywa," Roelof alipaza sauti, ikakatika katikati. "Nilitunga. Nilitunga kwa kuwa nilijua kinywa chake kimefungwa."

Jorien akavuta mkanda. Aliukaza, akaupitisha mara ya pili, akaukaza tena, akauvuta kwa uzito wake wote kuona kama unalegea. Hakuharakisha na hakuchelewa. Alifanya kama alivyofanya kwa kila mteja. Akashuka, akafunga na mkono wa pili. Ndipo akaturuhusu tuinue bomba na kumtoa Roelof. Zimamoto walipofika walikuta kazi imekwisha, mzee amekaa kwenye majani na blanketi, ubavu mmoja umepasuka, na watu wa sherehe wamesimama kimya na sahani zao. Bi Dina peke yake alikuwa akiongea. Alikuwa anamwambia Hilbert kwamba miaka yote hii alidhani ni mlevi, na kwamba anaona aibu, tena kwa umri wake hana muda wa kuiona mara nyingi.

Ungedhani nyumba ya Hilbert ililala na furaha. Haikuwa hivyo. Jorien mwenyewe alinisimulia baadaye, jikoni kwangu. Walipoingia ndani Hilbert alivua viatu, akakaa, akasema, "Ungefunga mkono kwanza, ukamwuliza baadaye."

"Baadaye angekana."

"Najua angekana." Akavipanga viatu vyake ukutani. "Ulimwacha mtu chini ya mkono usiofungwa. Wewe. Niliyekufundisha mimi."

"Nilikuwa nimeshika ncha zote mbili."

"Mkanda ulioshikwa si mkanda uliofungwa. Unalijua hilo kuliko mimi. Nimekaa na jicho moja miaka yote, na sijawahi kutaka mtu mwingine apoteze la kwake."

"Wewe hukutaka," Jorien akamwambia. "Mimi nilitaka."

Kwa muda mrefu Hilbert alikula chakula chake kule nyuma, karibu na maharage. Mchungaji naye akaja kuzungumza na Jorien juu ya msamaha. Alimpa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo. Mchungaji alipofika kwenye habari ya kugeuza shavu la pili, Jorien alimwuliza kama anazungumzia shavu la Hilbert lenye chuma ndani au lile jingine. Mchungaji akanywa kahawa akaondoka.

Mji nao uligawanyika. Wengine walisema ni ukatili, mzee wa miaka sabini siku ya kuzaliwa kwake. Wengine walisema mzee huyo alikuwa na miaka mingi ya kusema kwa hiari. Lakini la Hilbert halikuwa na ubishi. Wiki hiyo hiyo watu walianza kumsimamisha barabarani, wengine kuomba radhi, wengine kusalimia tu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kabla ya Krismasi mfuko wa sadaka ulirudi mikononi mwake. Aliupitisha safu kwa safu, kichwa kimeinama, na alipofika kwa Roelof alisimama pale mpaka Roelof alipoweka kitu. Naye Hilbert, kumbe, ana lake. Jumapili ile alirudi kula mezani.

Baridi ilipokwisha, Aleida alibisha mlango wa Jorien. Nadhani yeye naye alikuwa amebeba lake. Kabati lile lilikuwa sebuleni kwake siku zote, na mikanda ile yeye ndiye aliyeifungua. Alisema anataka turubai jipya, na hataki fundi mwingine. Watu wakasema Jorien atakataa. Jorien alikubali kabla Aleida hajamaliza sentensi.

Alilifunga mwenyewe, mafundi wake wakimpa vifaa. Alitoboa hadi ukuta wa ndani. Alijaza gundi, akasubiri ikauke. Aliweka kipima upepo mahali ambapo mkono wa Roelof haufiki. Niliangalia kutoka kwangu, nikashindwa kuona kosa hata moja, na nilikuwa nalitafuta hasa.

Kazi ilipokwisha, akafanya kama anavyofanya kwa kila mteja. Aliomba mwenye nyumba aletwe aketi afundishwe. Roelof akatoka ndani na slipa, akaketi. Aleida akasimama nyuma ya kiti. Jorien akamweleza yote, polepole, tangu mwanzo, kana kwamba mtu huyu hajawahi kuona turubai maishani mwake, na kila alipomaliza jambo moja alimtaka alirudie.

"Likilowa?"

"Nalikunjua likauke," Roelof akasema, macho chini.

"Kabla ya kulisugua?"

"Nazima umeme."

"Upepo ukianza?"

"Nalirudisha ndani."

"Na kama mtu anataka kulishusha?"

Aleida akamgusa bega.

"Anafunga mikono kwanza. Kwa mikanda."

"Vizuri," Jorien akasema, akakusanya vifaa vyake. Akamwambia Aleida kwamba turubai jipya linahitaji kukaguliwa kila mwaka baridi inapokwisha: kukaza bolti, kutazama kitambaa, kujaribu kipima upepo. Wateja wengine huwatumia mafundi wake. Hapa atakuja mwenyewe.

Na huja. Kila mwaka namwona akiingia ua wa Roelof na ngazi yake, amechana nywele. Hukaza panapohitaji kukazwa, hufuta panapohitaji kufutwa, kisha huomba Roelof aletwe. Mwaka huu Roelof amezeeka sana, anasahau majina ya wajukuu. Majibu yale hajasahau hata moja.